Jino Linauma, Fizi Zinatoka Damu, Taya Halifunguki: Anza na Dalili, Tafuta Chanzo

Wengi wanaoketi kwenye kiti cha meno hapa Kigoma hufika wakati jino limebakiwa na njia moja tu, kung'olewa. Si kwamba hawakuumwa mapema. Waliumwa, wakameza dawa, maumivu yakaondoka, wakahesabu wamepona. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa kufuata dalili. Kila dalili ina vyanzo vyake, na nimevipanga kuanzia kile tunachokutana nacho kila siku hadi kile cha nadra. Unachohitaji ni kioo, tochi ya simu na kidole kilichooshwa kwa sabuni.

Lakini kabla ya yote, zipo dalili ambazo si za kuchunguza nyumbani. Uvimbe chini ya taya unaoshuka shingoni, ulimi ulioinuliwa juu, mate yasiyomezeka, sauti iliyobadilika au pumzi inayokwama: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo kwa uvimbe wa shavu uliofikia jicho ukiambatana na homa, na kwa taya lililokaza kwa mtu aliyepata jeraha siku za karibuni. Kwa ndugu zetu wa Kalya, Kagunga na vijiji vya mwambao wanaotegemea boti, msingoje hadi mgonjwa ashindwe kumeza ndipo mtafute usafiri. Usaha wa jino ukishuka shingoni huziba njia ya hewa, na hautoi nafasi ya kusubiri kupambazuke.

Jino linashtuka kwa maji ya baridi, chai ya moto au kitu kitamu

Chanzo cha kawaida ni jino kutoboka. Angalia kwa tochi mabonde ya magego, kisha mahali meno mawili yanapogusana. Tundu la katikati ya meno halionekani kirahisi, ila lina ishara yake: nyuzi za nyama au za embe hunasa palepale kila siku.

Kama hakuna tundu, tazama shingo ya jino, pale linapokutana na fizi. Fizi ikishuka, mzizi wenye rangi ya manjano huachwa wazi, na mzizi hauna ule ukuta mgumu wa enameli unaolikinga jino. Mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu ndio huleta hali hiyo mara nyingi, pamoja na ugaga (uchafu uliogeuka mgumu kwenye meno) wa miaka. Mkaa uliosagwa na mchanga navyo hula meno. Vinayang'arisha kwa sababu vinayakwangua. Mara chache zaidi, jino huwa limepata ufa. Na kama jino lilizibwa wiki hii, kushtuka kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida.

Fanya jaribio hili. Chukua fundo la maji ya baridi, lizungushe, limeze, halafu uhesabu. Maumivu yakiisha mara tu baada ya kumeza, kiini cha jino (ile nyama laini ya ndani yenye neva na damu) bado ni hai, kimechokozwa tu. Hapo kuziba jino kunatosha. Yakibaki yanavuta nusu dakika au zaidi, kiini kimeanza kuharibika na siku za kuliokoa jino hilo kwa kuziba tu zinaisha.

Nyumbani, tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Kiasi huandikwa kwenye pakiti: kwa mtu mzima tafuta sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni (ppm). Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usiukose, kwa kuwa mate hupungua ukilala na meno hubaki bila mlinzi. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti nao hufanya kazi kama ncha yake imetafunwa ikawa laini na unaufikisha hadi upande wa ndani wa magego. Doa jeupe ambalo halijawa shimo laweza kurudi kuwa gumu kwa floridi. Likishatoboka, halijizibi, na hakuna dawa ya kupaka itakayoliziba.

Jino linakuamsha usiku

Hapa kiini kimevimba. Kimefungiwa ndani ya ukuta mgumu, hakina pa kupanukia, na ukilala damu huongezeka kichwani na kukibana zaidi. Chanzo karibu kila mara ni tundu lililofika ndani. Kinachofuata kwa wingi ni jino lililopasuka, kisha jino lililozibwa juu ya uozo ambao haukuondolewa wote.

Kwa usiku huo mmoja: sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja. Ondoa chakula kilichonasa. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofen huwasaidia wengi zaidi, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo. Tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba hutuliza kwa muda.

Usiweke aspirini juu ya fizi. Huiunguza ikawa kidonda cheupe. Usitie maji ya betri, mafuta ya taa, tumbaku wala dawa ya unga usiyoijua. Nawaomba sana kwa hili, maana mtu anakuja na maumivu ya jino moja akiwa na fizi na ulimi vilivyoungua.

Kesho yake nenda ukaonwe. Jino la namna hii bado laweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi, yaani kiini kutolewa, mifereji kusafishwa na kuzibwa. Pale unapokwenda kama huduma hiyo haipo, uliza inapatikana wapi kabla hujakubali kung'oa, hasa kama ni jino la mbele.

Jino liliuma, sasa limenyamaza

Dalili hii ndiyo huwadanganya watu wengi kuliko zote. Mzee mmoja, mvuvi wa Katonga, aliketi akanionyesha jino la mbele lililovunjika. Nilipofika kwenye gego lenye shimo kubwa, akaniambia, "Hilo lilishapona siku nyingi, daktari. Linalonisumbua ni hili la mbele." Kwenye fizi chini ya gego hilo kulikuwa na kipele kidogo kama punje ya uwele. Nilikibonyeza kwa kidole, usaha ukatoka. Hakuhisi chochote.

Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Kilichokufa hakiumi, lakini vijidudu viko ndani ya mifereji, vinashuka hadi ncha ya mzizi na kula mfupa wa taya taratibu. Kile kipele ni njia ya usaha kutokea. Kikiziba, uvimbe huja kwa siku moja.

Kagua hivi: pitisha kidole kwenye fizi, nje na ndani, ukitafuta kipele au mahali palipotuna. Tazama kama jino limegeuka rangi kuwa la kijivu. Ligonge polepole kwa ukucha na ulinganishe na jirani yake.

Vidonge vya amoksisilini au metronidazoli kutoka duka la dawa haviwezi kulitibu. Damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa, kwa hiyo dawa nayo haifiki. Hupunguza uvimbe wa nje, mtu anaridhika, na baada ya miezi hali inarudi ikiwa kali zaidi. Antibiotiki ina mahali pake: homa, uvimbe unaosambaa, tezi zilizovimba. Hata hapo huandikwa pamoja na kazi ya kutoa chanzo, yaani kufungua jino, kutoa usaha, au kung'oa. Shavu lililovimba usilikande kwa maji ya moto na usilitoboe kwa sindano. Kitambaa cha baridi kwa nje kinatosha ukiwa njiani.

Linauma unapotafuna tu

Kijiwe kwenye maharage au mchele ndicho mshitakiwa wa kwanza katika nyumba zetu. Jino hupata ufa usioonekana, na maumivu huja kama mchomo unapoachia kung'ata kuliko unapobana. Kunja kitambaa safi, ng'ata kwa jino moja moja, utalijua lenyewe. Kama jino lilizibwa karibuni, huenda kijazo kimebaki juu kuliko wenzake. Ni kazi ya dakika chache kukichonga. Usaha kwenye ncha ya mzizi nao hulifanya jino lionekane limerefuka.

Magego ya juu yakiuma matatu au manne kwa pamoja wakati una mafua, inama kama unayefunga kamba za viatu. Maumivu yakiongezeka, tatizo huenda ni sainasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso), wala meno hayana kosa.

Kuna na lingine, ambalo wanaokula samaki wa migebuka kila wiki watalielewa: fizi ya katikati ya meno mawili imevimba ghafla, nyekundu, na meno hayana tundu. Mara nyingi ni mwiba. Sukutua kwa nguvu kwa maji ya chumvi, kisha pitisha uzi wa meno kwa upole. Pini ya nywele au sindano ya kushonea usiitumie. Ikifika siku ya tatu bado imevimba, kaondolewe.

Fizi zinatoka damu

Watu wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo. Tendo sahihi ni kinyume chake. Damu hutoka kwa sababu utando laini wa vijidudu umekaa kwenye mpaka wa jino na fizi, na fizi imevimba. Ukiuacha, utando hugeuka ugaga mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki wa aina yoyote. Unakwanguliwa kwa vifaa hospitalini.

Inamisha mswaki laini kuelekea kwenye fizi, zungusha taratibu kwa dakika 2. Wiki ya kwanza damu itatoka, halafu itapungua. Baada ya wiki 2 za bidii kama bado inatoka, una ugaga, kasafishwe. Kusafishwa hakulegezi meno. Meno yanayoonekana kulegea baada ya kusafishwa yalikuwa yamelegea tayari, ugaga ndio ulikuwa umeyashikilia.

Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kwa sababu ya homoni, na anaweza kutibiwa meno akiwa mjamzito. Amwambie tu mtoa huduma umri wa mimba. Mwenye kisukari huugua fizi zaidi, na fizi zikiugua sukari nayo hudhibitika kwa shida. Mtu mzima ambaye meno yamelegea kadhaa kwa pamoja, apime sukari. Nadra zaidi ni magonjwa ya damu: fizi zinatoka damu zenyewe, kuna madoa ya zambarau kwenye ngozi, mtu amepauka na kuchoka. Huyo asingoje miadi ya meno, aende apimwe damu.

Harufu ya kinywa

Anza na ulimi. Usugue nyuma kabisa kwa mswaki, kila asubuhi. Kisha ugaga, kisha jino lililotoboka, kisha kinywa kikavu kwa kutokunywa maji ya kutosha, kisha tonsili. Tumbo husingiziwa mno. Chanzo kwa kawaida kiko kinywani.

Gego la mwisho linasumbua

Humwanza mtu akiwa na miaka 17 hadi 25. Jino linatoka nusu, ngozi ya fizi inalifunika, chakula kinaingia chini yake na kuoza. Sukutua kwa maji ya chumvi mara 4 kwa siku na ufikishe mswaki hadi nyuma. Ikiwa mdomo unafunguka kwa upana usiozidi vidole viwili, una homa, au kumeza kunauma, nenda siku hiyo. Likirudia mara kwa mara, kaulize kuhusu kulitoa, na lipigwe picha ya eksirei kwanza.

Taya linalia, linauma au limekwama

Taya linalolia kaa kaa bila maumivu halihitaji matibabu. Linalouma asubuhi, pamoja na misuli ya mashavu na kichwa upande wa masikio, mara nyingi ni la mtu anayesaga meno usingizini. Mwulize unayelala naye chumba kimoja. Kwa wiki 2 achana na muwa, bigijii na mahindi makavu ya kuchoma. Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika 15. Ukipiga miayo, shikilia kidevu kwa mkono. Mchana jichunguze: midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana.

Taya lililobaki wazi baada ya miayo mirefu limetoka mahali pake. Usipigwe kofi wala kusukumwa na mtu asiyejua. Funga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini ili kulitegemeza, nenda hospitali lirudishwe.

Taya lisilofunguka mara nyingi linatokana na gego la mwisho, au na sindano ya ganzi iliyochomwa siku za karibuni. Lakini likikaza kwa mtu mwenye jeraha, shingo nayo ikiwa ngumu, fikiria pepopunda na usipoteze saa hata moja.

Uvimbe wa mfupa wa taya usiouma, unaokua kwa miezi au miaka, nao unahitaji picha na daktari wa upasuaji wa kinywa, hata kama unakula vizuri. Kadhalika kidonda cha mdomoni kilichozidi wiki 2, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kwa mvutaji au mtumiaji wa ugoro. Usimalize mwezi ukipaka dawa. Kinahitaji kukatwa kipande kidogo na kupimwa.

Kwa watoto

Mtoto wa miezi mitano au sita ana homa na kuharisha. Fizi imetuna na kuwa nyeupe pale chonge litakapoota, na bibi anasema ni meno ya plastiki, apelekwe yakatolewe. Ule uvimbe ni chonge la utoto likiwa bado ndani ya fizi, na kila mtoto analo. Likichimbuliwa, mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi kutoka kwenye kifaa kisicho safi, na mara nyingi jino la ukubwani huharibika lingali changa. Kibaya zaidi, malaria au nimonia iliyoleta homa inaachwa iendelee. Mzungumze na bibi kwa heshima, kwa kuwa naye anamtakia mjukuu uzima: "Bibi, tumpime damu kwanza." Mpeni ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) njiani, na kituo cha afya siku hiyohiyo.

Shavu la mtoto likivimba, mara nyingi ni gego la utoto lililooza. Meno ya utoto nayo huzibwa na kutibiwa. Magego hayo hukaa hadi miaka 10 au 12, na kazi mojawapo yaliyo nayo ni kushikilia nafasi ya yajayo. Dawa ya meno kwa mtoto chini ya miaka 3 iwe kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere.

Ila uvimbe wa taya unaokua siku hadi siku, meno yakilegea bila kuwa na matundu, au jicho likianza kutokeza, ni jambo jingine kabisa. Inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto aliyoielezea daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Huonekana zaidi mahali penye malaria nyingi, na mkoa wetu ni mmojawapo. Inakua haraka, lakini pia huitikia dawa haraka ikiwahiwa. Mtoto asing'olewe jino baada ya jino. Mfikishe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na mkipewa rufaa ya Bugando au Muhimbili, ondokeni wiki hiyo.

Na mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo au baada ya surua, mwenye kidonda cha fizi kinachonuka na shavu linaloanza kuwa jeusi, huo ni ugonjwa uitwao noma, unaoozesha kinywa na uso. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023. Huharibu uso ndani ya siku chache. Ikishikwa mapema, antibiotiki na lishe huizuia.

Baada ya kung'olewa jino

Damu ikiendelea, usiteme teme na usisukutue. Kunja gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) au kitambaa safi chenye unyevu, kiweke juu ya shimo lenyewe, si pembeni, ung'ate kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Mate yenye rangi nyekundu siku ya kwanza si hatari. Damu inayojaa mdomo baada ya kurudia mara mbili ni ya kurudi hospitali, na mtumiaji wa dawa za kuyeyusha damu arudi mapema zaidi.

Maumivu yanayopungua kisha yakaja juu siku ya pili hadi ya nne, yakipanda sikioni, shimo likiwa tupu na linanuka, ni shimo kavu: donge la damu lililokuwa likifunika mfupa limetoka. Sigara, mrija na kusukutua siku ileile huchangia. Rudi likasafishwe na kuwekwa dawa. Kwa kawaida, maji ya chumvi yaanze baada ya saa 24.

Jino limeng'oka kwa kuanguka au ajali ya bodaboda

Kama ni la utoto, usilirudishe. Kama ni la ukubwani, lishike kwenye kichwa chake, sehemu inayoonekana mdomoni, mzizi usiuguse wala kuusugua. Lina mchanga? Limwagie maziwa au maji safi kwa sekunde chache. Lirudishe kwenye shimo, upande wa mbele ukitazama mbele, kisha mgonjwa ang'ate kitambaa. Asiyeweza alitie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Maji matupu huua chembe hai za mzizi. Ndani ya nusu saa nafasi ya kushika ni nzuri, baada ya saa moja hupungua sana, kwa hiyo mmoja alitafute jino mchangani na mwingine atafute usafiri. Aliyepoteza fahamu, anayetapika, au ambaye meno hayakutani tena kama zamani, huenda amevunjika taya au ameumia kichwa. Huyo apelekwe kwa daktari wa dharura kwanza, na mkifika mwulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.